Mwezi Uliosomwa Mwizi

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Msoma Karata wa nyumba ya kona,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila posa yangu ni mahututi, na aliyeitia ugonjwa ni wewe. Kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Uliponituma nikuchoree karata mpya za kutabiria, uliomba mambo mawili tu: picha zinazoeleweka na majina yanayosomeka. Mimi ni msanii, Shangazi, si mwandika vibao vya "Usikojoe Hapa". Kila picha niliizungushia pindo la mmea unaotambaa, jani juu ya jani, mpaka vidole vikafa ganzi. Wewe ukauliza kama karata zimeota magugu. Mchagua jembe si mkulima.

2. Ukalalamika kwamba majina yamebanwa. Nilikueleza kitaalamu kwamba jina sharti liheshimu pindo, kama mgeni anavyomheshimu mwenye nyumba. "Gurudumu la Bahati" halikuenea, nikalipunguza likawa "Guru". Hakuna mteja aliyekufa kwa hilo.

3. Sasa tufike kwenye kidonda. Juzi mama wa mchumba wangu alikuja kwako kuuliza kama anipokee nikileta posa. Ukachanganya karata, ukamtolea ya Mwezi. Karata njema kabisa! Nilichora mwezi mpevu juu ya paa, na chini yake mwanamume anatembea taratibu kuelekea dirishani. Nikambebesha gunia, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Chini nikaandika MWEZI. Ni kweli, jani moja limepita juu ya ile E likafunika vijikono vyake, lakini ni jani dogo. Wewe ukasoma kwa sauti MWIZI, ukamwambia yule mama kwamba kuna mwizi anainyemelea nyumba yake, kijana, mrefu, mwenye kuchekacheka. Tangu siku hiyo mlango wao una kufuli mbili, na mimi nikipita, mama mkwe wangu mtarajiwa anaanua nguo kambani.

4. Kwa kuwa kosa ni la macho yako na si la kalamu yangu, naomba umrudie ukamwambie kwamba mwizi yupo, ila ni yule jirani yao mwenye pikipiki, ambaye naye anammezea mate mchumba wangu. Ikishindikana, mwambie kwamba siku hizi katika utabiri mwizi maana yake ni mtu mwenye mkono mwepesi na riziki ya uhakika. Aidha, kuanzia sasa kila mteja afundishwe kwanza kusoma mapindo yangu, na asiyefaulu abaki bila kesho. Kuliko kuliondoa lile jani, afadhali lugha yenyewe ikubali kwamba mwezi na mwizi ni kitu kimoja. Vyote si hutoka usiku?

Shangazi, natania lakini moyo unaniuma. Nampenda yule binti. Umenilea wewe, na sina mwingine wa kunitangulia mlangoni kwao.

Nisalimie wapangaji wote, na paka, na fundi wa kiwanda cha uchapaji anayesubiri kuzichapa karata zangu. Huyo mwambie asichape hata karata moja mpaka wewe ukiri kosa.

Ni mimi, mnyenyekevu lakini mwenye haki,
Mtoto wa kaka yako, Mchoraji

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mchumba wangu amepita. Nikampa nakala niliyobaki nayo ya ile karata aisome, mchana kweupe, ili awe shahidi wangu. Akasoma: Mwizi. Kisha akaniuliza ndani ya gunia kuna nini.

Nimeyafuta majani yote, Shangazi. Pindo sasa ni mstari mmoja tu, na jina linasomeka hata kutoka barabarani. Karata mpya imo humu ndani ya bahasha. Mchumba wangu anasema mama yake hataki hata kuniona, ila wewe atakufungulia. Nenda nayo kesho, tafadhali. Ukishaketi, mwonyeshe kosa lilikuwa la nani. Usimtabirie kitu. Niombee tu anipokee.