Unga wa Lignani na Ng'ombe wa Rhotia

Vedasto, kijana wa Karatu mjini, alikuwa na kipaji kimoja: kusikia nusu ya jambo na kuliuza zima. Jumapili ile, nje ya kanisa la Rhotia, mtaalamu wa lishe aliwaeleza kina mama kwamba ufuta na mbegu za kitani zina lignani, ambazo tumboni hugeuka zikafanana kidogo na homoni za kike, na huenda zikapunguza hatari ya saratani ya matiti. Kisha akaongeza kwamba watafiti bado wanabishana, na kwamba lignani si dawa. Nyongeza hiyo Vedasto hakuisikia. Alikuwa ameshawasha pikipiki kurudi mjini kununua ufuta.

Jumatano alikuwa sebuleni kwa Mama Evarista, mjane aliyegundua uvimbe kwenye titi. Mama huyu alipanga kumuuza mtamba wake mwekundu ili akapimwe hospitali.

"Hospitali ya nini, mama? Watakuchomachoma bure. Hii hapa Lignani Spesho. Vijiko viwili asubuhi, homoni zinapanga mstari kama watoto wa shule."

"Mbona unga huu unanukia ufuta?"

"Ni ufuta, ndiyo, lakini huu umesoma."

"Na bei yake?"

"Afya haina bei, mama. Ila mtamba anatosha."

Mama Evarista aliipokea pakiti. Aliogopa ule uvimbe, tena sana, lakini woga haukumfanya mjinga. "Mtamba yuko kwa Josephati, mtoto wa mdogo wangu. Nenda, mwambie nimekutuma. Ni yule mwekundu."

Josephati hakubisha. Alisema tu kwamba anayemtoa ng'ombe aliyewekwa kwake huacha kitu, mpaka mwenye mali aje kuthibitisha. Vedasto akaacha pikipiki, akapewa kamba, na Josephati akaingia ndani kunywa chai.

Zizini mlikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Yule mwekundu alikuwa mbavu tupu. Pembeni yake alisimama ng'ombe wa madoa, mnene, mwenye mimba. Dhamiri ya Vedasto ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akamfunga kamba yule wa madoa.

Hapo ndipo ujanja wa mjini ulipofika mwisho wa lami. Mtu wa mjini akiona ng'ombe wengi katika zizi moja, hudhani mwenye zizi ndiye mwenye ng'ombe. Watu wa Rhotia huwekeana mifugo huku na huku, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimfilisi mtu. Kila ng'ombe pale alikuwa na mwenyewe.

Kabla hajaufikia mnada wa mifugo alikotaka kumuuza, mzee mmoja mwenye fimbo alimsimamisha.

"Kijana, huyo ng'ombe wangu anaenda wapi?"

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Vedasto akaiachia kamba.

Wazee walikaa, wakasikiliza habari ya unga, wakakata shauri: pikipiki itampeleka Mama Evarista hospitali, Josephati akiendesha, na Vedasto hataigusa mpaka majibu yatoke.

Kwa wiki mbili za kusubiri majibu, hakuna aliyemwombea mama yule zaidi ya Vedasto. Alifunga. Aliwasha mishumaa. Alipomkuta mtu akisifia unga wake, alimfokea: "Nenda kapime, wewe!"

Siku ya majibu alikuwa amesimama njiani tangu alfajiri. Josephati akafunga breki, Mama Evarista akashuka taratibu, machozi yakimtoka.

"Si saratani," akasema. "Ni uvimbe tu, wataufuatilia."

Vedasto alirukaruka, akamkumbatia, na hata yeye alishangaa kwamba furaha ile haikuwa ya pikipiki peke yake. Kisha akakumbuka pikipiki. Akaipanda, akapiga kiki. Akapiga tena. Akafungua tangi, akachungulia: kavu.

"Mama mkubwa," Josephati alisema, "ulijua atamwacha mwekundu?"

"Mwanangu, huyu aliniangalia mimi akaona mtamba. Angeacha vipi kuona mnene?"

Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya Lignani Spesho, nzima, haijafunguliwa, akamwekea Vedasto mkononi.

"Tia huu kwenye tangi," akamwambia kwa upole. "Vijiko viwili, asubuhi."

Na kutoka pale hadi Karatu, kwa anayesukuma, ni mlima.