Baridi Iliyotangazwa Rasmi

Kwa heshima na taadhima, Wizara ya Majira ilitangaza redioni kwamba enzi ya baridi kiholela imekwisha. Kwa miaka mingi, ilisema taarifa, baridi imekuwa ikijipangia yenyewe pa kwenda, bila mpango na bila kibali. Sasa baridi za mikoa yote zitapimwa, zitalinganishwa na kupangwa kwa madaraja. Mkoa wenye baridi kali kupita yote utakabidhiwa hita mia mbili mpya kabisa, zilizokuwa zimekaa boharini miaka mitatu zikingoja baridi itambuliwe.

Mama Kipimajoto aliisikia taarifa hiyo huku akipasua barafu ya ndoo kwa nyundo. Watu wa Mkoa wa Juu walimpa jina hilo kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili, kila kulipopambazuka, alitoka kwenda kukisoma kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe nyuma ya kituo cha hali ya hewa, akaandika alichokiona, kisha akarudi ndani kuhakikisha masikio yake bado yapo. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika nyuzi sita chini ya sifuri. Kwenye kamba ya nguo suruali ya mumewe ilikuwa imesimama wima, bila mume.

"Safari hii tumepata," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa mkunga katika hospitali ya mkoa.

Mkunga hakuwa na nafasi ya kushangilia. Wodini mwake mlikuwa na watoto wachanga kumi na mmoja na chupa tatu za maji ya moto. Chupa zilikwenda kwa zamu, robo saa kila mtoto, na asiyekuwa na zamu alibanwa kifuani pa mama, bibi au mfagiaji, yeyote ambaye kifua chake hakikuwa na shughuli wakati huo. Juzi yake mmoja alikuwa amebadilika rangi, na wakamsugua saa nzima mpaka akalia.

"Dada, nenda mwenyewe," alisema mkunga. "Usitume barua. Barua zetu kule wanafunikia chai."

Akaenda.

Kamati ya Taifa ya Ulinganisho wa Baridi ilikutana ghorofa ya sita, katika chumba chenye kiyoyozi kilichofunguliwa mpaka mwisho, wajumbe wote wakiwa na sweta. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wa Ulinganisho, bwana mwembamba mwenye viatu vya kung'aa. Pembeni aliketi Waziri mwenyewe, mzaliwa wa Mkoa wa Chini, aliyekuja, kwa maneno yake, kusikiliza tu.

"Nyuzi sita chini ya sifuri," Mkurugenzi alisoma, akikunja uso kama aliyepewa chai isiyo na sukari. "Na mwaka jana?"

"Saba."

"Mwaka juzi?"

"Sita na nusu."

"Unaona tatizo lenu, mama? Baridi yenu ni ya mazoea. Haina juhudi." Akafungua jalada lingine, uso ukamkunjuka. "Mkoa wa Chini. Nyuzi tisa chini ya sifuri."

Wajumbe wakapiga makofi. Mama Kipimajoto alidhani hakusikia vizuri. Mkoa wa Chini ulikuwa mkoa ambako watu hulala madirisha wazi mwaka mzima na bado hulalamika.

"Samahani, ndugu yangu," alimgeukia mpimaji wa Mkoa wa Chini, "kipimajoto chenu mmekiweka wapi?"

Mpimaji alikuwa mtu mpole asiye na la kuficha. "Kituo kinapakwa rangi, mama. Kwa muda tumekitundika kwa muuza samaki. Kanuni inataka kiwe kivulini, mbali na upepo, mahali ambapo watu hawapitipiti. Palipotimiza masharti yote ni ndani ya friza."

"Friza ya samaki?"

"Kivuli chake hakina mfano."

"Jamani!" Mama Kipimajoto akasimama. "Mheshimiwa Waziri, wale watu hawana baridi, wana friza! Mimi nina watoto kumi na mmoja kule wanapokezana chupa!"

Mkurugenzi aliinua fomu, akaigeuza mbele na nyuma mbele ya wajumbe. "Kuna nafasi ya kuandika nyuzi. Kuna nafasi ya kuandika friza?"

Wajumbe wakaikagua. Haikuwepo.

"Basi friza haipo."

Waziri alifuta jicho kwa leso. "Watu wangu wameteseka kimya kimya," alisema. "Hata wao wenyewe walikuwa hawajui."

Kwa kumfuta machozi, Kamati ilimteua Mama Kipimajoto kuwa Mshauri wa Baridi katika sherehe ya kukabidhi hita, kwa vile Mkoa wa Chini ulikuwa mgeni katika mambo hayo. Alipewa kitabu cha Kanuni za Baridi Kali, kurasa tisini, zote zimetungwa na Mkurugenzi mwenyewe. Alipanda gari la Wizara akilia kwa hasira. Njiani, kwa kukosa la kufanya, akakifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza akiguna. Wa ishirini aliurudia mara mbili. Alipofika wa tisini machozi yalikuwa yamekauka, na alikuwa amekata shauri. Atatii. Atatii kila neno.

Siku ya sherehe jua la Mkoa wa Chini lilikuwa limeshuka kiasi cha kugusika. Uwanjani watu walikaa na fulana, wengine vifua wazi, wamejifunika maboksi kichwani. Mama Kipimajoto alikuwa ameamka mapema kutekeleza Kanuni ya Sita, inayoagiza maji ya mji yafungwe ili mabomba yasipasuke kwa barafu. Kisha akampelekea Waziri mavazi ya Kanuni ya Nne: koti refu la sufu, skafu, glavu, kofia ya manyoya na buti zinazofika magotini.

"Ndugu Mkurugenzi," Waziri alinong'ona, "hili koti halina dogo lake?"

Mkurugenzi, aliyekuwa ndani ya koti kama hilo, alimtazama Mama Kipimajoto.

"Ni Kanuni ya Nne," alisema mama huyo kwa adabu. "Na wapiga picha wameshafika."

Waziri akapanda jukwaani. "Ndugu wananchi," alianza, jasho likimtiririka kutoka chini ya kofia, "leo natetemeka pamoja nanyi!"

"Unatetemeka au unayeyuka?" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka mbele. Alikuwa muuza samaki. "Na friza yangu mtanirudishia lini? Samaki wangu wako nje wanaipisha serikali!"

Watu wakaangua kicheko. Waziri akanyoosha kidole kumjibu. Kidole kikabaki hewani, macho yakapinduka, mheshimiwa akaenda chini mzimamzima, kofia ikiwa bado kichwani.

Walimkimbiza kwenye hema la huduma ya kwanza. Daktari wa mkoa alimgusa shavu, akauondoa mkono upesi.

"Joto limempanda. Mvueni nguo, mmwagieni maji!"

"Maji yamefungwa," alisema Mkurugenzi. "Na Kanuni ya Tisa iko wazi. Anayeanguka katika mkoa wa baridi kali ahesabiwe ameanguka kwa baridi. Afunikwe na apashwe moto."

"Bwana, huyu mtu anaungua!"

"Daktari, unataka kusema Serikali imekosea nyuzi?"

Daktari alikuwa ametumikia Serikali muda mrefu na alikuwa na watoto wanaosoma. Akaagiza mablanketi. Yakaja sita. Kisha zikafunguliwa hita nne kutoka kwenye maboksi ya sherehe, zikaelekezwa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu zinunuliwe zikafanya kazi, tena vizuri sana.

"Naungua!" Waziri alizinduka, akijaribu kutupa blanketi. "Naungua jamani!"

"Dalili njema, mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, akimfunika upya. "Baridi inatoka."

Mama Kipimajoto alikuwa amepanga kumtoa mtu jasho. Hakuwa amepanga mtu afe. Aliupenya umati, akapiga magoti kando ya kitanda, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Kanuni ya Kumi na Nne," alisema haraka. "Waziri peke yake anaweza kuifuta baridi. Fomu ya Kukanusha Baridi hii hapa. Ikisainiwa, utavuliwa sasa hivi, na hita zitahamia mkoa unaofuata kwa baridi leo hii hii. Weka sahihi, kaka yangu, nisije nikakuzika."

"Ajaze nafasi zote!" Mkurugenzi alifoka. "Sababu ya kukanusha?"

"Joto!" alilia Waziri.

"Nyuzi ngapi?"

"Zote!"

Mama Kipimajoto akaandika *zote*, kwa mwandiko unaosomeka. Waziri akasaini kwa mkono wenye glavu, saini kama njia ya mjusi. Hapohapo Mama Kipimajoto alimvua kofia, daktari akavuta mablanketi, na muuza samaki, aliyekuwa na maji peke yake mji mzima, akaja na ndoo ya barafu iliyoyeyuka kutoka kwenye friza yake. Akammwagia Mheshimiwa kuanzia utosini. Yalikuwa na magamba. Waziri alifumba macho akasema hajapata kuoga vizuri namna hiyo maishani mwake.

Lori la hita liliondoka kuelekea Mkoa wa Juu kabla jua halijatua. Kesho yake, wodini kwa mkunga, hita ya kwanza ilipowaka, mfagiaji alimrudisha mtoto kitandani mwake, akanyoosha mgongo, na kuuliza kama sasa anaweza kwenda kufagia. Mkunga akamkumbatia dada yake. Watoto kumi na mmoja walilala kwa pamoja, na wodi ikawa kimya mpaka wakaogopa, wakapita kuwahesabu mmoja mmoja. Walikuwa kumi na mmoja.

Wizara haikukiri kosa, ilitoa taarifa. Ilisema Waziri, kwa kujitoa mhanga, amegundua mwenyewe kasoro katika ulinganisho, na kwamba ili kasoro hiyo isijirudie, Mkurugenzi amepewa heshima ya kuhamia Mkoa wa Juu, akalinganishe baridi kwa mwili wake. Makoti ya Kanuni ya Nne hayakumhusu tena. Mkoa wa Juu ulikuwa bado haujatangazwa kuwa wa baridi kali.

Alifika na suti yake na vile viatu vya kung'aa. Asubuhi ya kwanza Mama Kipimajoto alimkabidhi daftari na penseli, akamwonyesha kisanduku cheupe, akarudi jikoni kuchemsha chai. Baada ya robo saa Mkurugenzi akatokea mlangoni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Daftari lilikuwa tupu.

"Ngapi leo, ndugu Mkurugenzi?" aliuliza Mama Kipimajoto.

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini meno yalikuwa yanagongana mno kupisha neno. Akainua mikono, akanyoosha vidole vinane, kisha taratibu akavigeuza vyote vikaelekea chini.