Lengo Letu Ni Moja

Kwa Mama Mwenye Kiwanda cha Kushona,

Shikamoo Mama. Mimi ni yule msichana mgeni wa kupiga pasi, ninayejibanza nyuma ya marobota ya vitambaa ukipita. Nakuandikia kwa sababu mbele ya wakubwa sauti yangu hukwama. Kwa heshima zote, namlalamikia Meneja, mdogo wako.

Mwezi uliopita alitukusanya akasema kazi inakwenda kombo kwa kuwa yeye ana lake na sisi tuna letu, hivyo sasa tuwe na lengo la pamoja. Nina mwandiko mzuri wa shule, basi alinipa kikaratasi chenye maneno niyaandike kwenye ubao juu ya mlango. Nikaandika kwa rangi nyekundu: LENGO LETU NI MOJA. Mafundi walisoma, wakatazamana, wakafurahi sana. Tukaanza kushona shati moja kwa siku.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lengo tulilifikia siku ya kwanza. Huyu alishona kola, yule mkono wa kushoto, mwingine wa kulia, na bibi wa vifungo akapewa heshima ya kumalizia. Mimi nililipiga pasi saa nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Meneja hakutupongeza.

2. Jumatano, fundi tunayemwita Cherehani Moto alipitiwa akashona la pili. Tulimkalisha chini tukamkanya kwamba anawavuruga wenzake. Alilifumua mwenyewe, huku akiomba radhi. Nidhamu kama hiyo hata shuleni sikuiona. Meneja alishika kichwa tu.

3. Sasa tunamaliza kabla ya chai ya saa nne. Muda unaobaki tunalitazama shati.

4. Jana Meneja aliuliza, "Nyie watu, hivi lengo letu mnalijua?" Tukajibu kwa pamoja kwamba ni moja. Akasema tunamkejeli, na kwamba Ijumaa ataanza kupunguza watu, akianza na aliyeingia mwisho. Aliyeingia mwisho ni mimi, na mama yangu ameshawatangazia majirani wote kuwa nina kazi.

Kwa hiyo naomba, badala yangu, umpunguze yeye. Ukimwonea huruma, apewe kifungo kimoja kwenye lile shati, naye aonje utamu wa kushirikiana.

Wasalimie wote nyumbani, na dereva, na paka wa ofisini.

Ni mimi mtiifu wako,
Msichana wa Pasi

Nyongeza: Nikitafuta bahasha kwenye mfuko wa aproni nimekuta kile kikaratasi cha Meneja. Kimeandikwa: "Lengo letu ni mashati mia moja kwa siku." Sasa nakumbuka. Nilianza na herufi kubwa mno, ubao ukaniishia, nikaruka maneno niliyoona hayana uzito. Lakini MIA ni neno fupi, litaenea juu ya mstari. Kesho asubuhi mapema nitapanda ngazi. Nakuomba, Mama, mcheleweshe mdogo wako kwenye chai mpaka rangi ikauke.