Ukumbi wa Gemu Nilioufunga Mwenyewe

Jumamosi saa sita na nusu, Sitati alifika kwenye benchi ya kibanda cha chai bila kusema hata "sasa". Sitati ni soja wa geti kwenye shamba letu la maua hapa Naivasha, na soja akikosa kusalimia ujue amebeba neno. Aliketi, akatoa simu, akasafisha koo kama karani wa kanisa siku ya matangazo.

"Sikizeni. Imebandikwa pakihausi leo asubuhi, nikaipiga picha. 'Kwa wote wa gredi. Mashine ya akili bandia itaanza kuchagua waridi mwezi ujao. Kati ya watu arobaini, sita watabaki kuketi kwa skrini na kuirekebisha ikikosea. Mtihani ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Kila mmoja alete jina moja tu, lake au la mtu wa nyumbani kwake. Majina yafike getini leo kabla ya saa nane.'"

"Kuirekebisha na nini?" nikauliza.

"Kuna picha hapa chini." Akaipanua kwa vidole viwili. "Na hii. Si hii ni rimoti ya gemu ya watoto?"

Chai ikanipitia kwa pua.

Mimi ni mmoja wa wale arobaini wanaopanga waridi kwa urefu pale pakihausi, ila Jumamosi hiyo sikuwa zamu. Kanisani naitwa Eucabeth, nyumbani Mama Fancy, lakini hapa kwa benchi ya Wamaitha, muuza chai, wananiita Sentimita, kwa sababu nikishika waridi sihitaji rula. Nikisema ni sitini, ni sitini. Shule niliishia darasa la nane, na miaka kumi na minne nimekula kwa haya macho. Ninaandika ili mama mwingine asifanye nilivyofanya. Wale wa kucheka wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho.

"Hiyo AI haiwezi kunigusa mimi," Odongo akasema. Odongo tunamwita Daktari, kwa sababu ya ovaroli nyeupe na maski anayovaa akinyunyiza dawa. "Dawa inataka mkono wa binadamu."

"Alhamisi ile ndege ndogo isiyo na rubani ilinyunyiza ekari tatu," Sitati akamwambia, "wewe ukiwa bado unatafuta gambuti ya mguu wa kushoto."

"Ilikuwa inajaribu tu."

"Na wewe umejaribu miaka tisa."

"Wacha, Soja! Si na wewe wamekuwekea kamera getini?"

"Kamera itafukuza kiboko?"

"Kwani wewe unamfukuza? Juzi kiboko alipotoka ziwani, ni nani tuliyemteremsha kutoka juu ya mti?"

Wamaitha akacheka mpaka akaweka birika chini. "Angalau mimi niko salama. Hakuna mashine itapika chai kama yangu."

"Hiyo ni kweli kabisa," Odongo akasema, akiangalia ndani ya kikombe. "Mashine ikijaribu kupika hii, itajizima yenyewe kwa aibu."

"Ngai! Rudisha kikombe changu, Daktari!"

Hawakuwa na shida, hao. Ile karatasi haikuwahusu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikihesabu arobaini toa sita.

"Lakini Sentimita," Wamaitha akaniuliza, "hiyo mashine ilijuaje kugredi? Si inasemwanga maua ni ngumu, mpaka mtu afundishwe?"

Ningenyamaza hapo ningekuwa mwerevu. Lakini mimi nikiulizwa najibu.

"Inawezekana niliifundisha mimi," nikasema.

"Weweee!"

"Mnakumbuka Agosti nikisuka nywele katikati ya wiki? Kuna vijana walikuja wakaning'iniza kamera juu ya meza yangu. Supavaisa akasema watu wa ofisi wanataka kuona mfanyakazi bora. Mimi nikajua ni picha za kalenda ya kampuni."

"Kalenda!" Sitati akapiga paja.

"Nilipaka mafuta ya mdomo. Nilivaa ile blauzi yangu ya kwenda harusini ndani ya koti. Wiki mbili nzima sikuenda choo ila saa ya mapumziko. Kila waridi nililiinua juu, nikaligeuzia kamera pole pole, nikasema kwa sauti, 'Hii ni sitini. Hii ni hamsini. Hii shingo imepinda, hii ni rijekti.' Hata pale nilipokuwa na haraka nilitabasamu. Mwisho wakatupatia soda na mkate, nikapiga makofi."

Hapo Odongo akavua kofia, akaiweka kifuani kama mtu aliye mazishini.

"Mama," akasema, "mrithi wa kazi, mtu humzaa. Wewe wako ulimpata kwa kuitabasamia kamera."

Walicheka mpaka mwendesha boda mmoja akasimama barabarani kuuliza kama kuna mtu ameanguka. Na mimi nilicheka. Ningefanya nini?

"Sasa sikiza," Sitati akasema akifuta macho. "Mambo ya kalenda yameisha. Leo na kesho unahitaji kushika hiyo rimoti. Si uende pale ukumbi wa gemu, kando ya kinyozi?"

"Ulifungwa," Wamaitha akasema.

"Ulifungwa na nani?"

Wote wakaniangalia. Hata Sitati, aliyeuliza, akakumbuka katikati ya kuuliza.

Ndiyo. Ni mimi. Mwezi wa pili nilikusanya akina mama kumi na mmoja wa kanisa, tukaenda kwa chifu na barua niliyoiandika kwa mkono wangu, kurasa tatu, nikisema gemu inaharibu ubongo, inaleta usingizi darasani na kukataa mboga. Chifu aliufunga ule ukumbi siku ya tatu. Tuliimba njia nzima. Na aliyekuwa akikaa pale mlangoni, akiwafungulia watu mashine na kuzitengeneza zikikwama, alikuwa Fancy. Fancy wangu, wa miaka ishirini na tatu, mwenye diploma ya hoteli ambayo hakuna hoteli imeiuliza. Usiku na mchana nilikuwa nikiomba mashine isimnyang'anye mtoto wangu kazi. Mashine haikumfanya lolote. Kazi yake ilichukuliwa na mama yake akiwa na kitambaa cha kanisa kichwani.

Wamaitha alimpigia simu. Fancy alikuja na begi mgongoni, akasimama mbali kidogo na benchi.

"Niaje, wazee. Mathe, nimeskia unataka gemu."

"Nataka kujifunza ile rimoti, mwanangu."

"Si ulisema ni kazi ya shetani?"

"Nilisema mengi."

"Ulisema na mikrofoni."

Odongo akaingilia. "Fancy, mwonee mama yako huruma. Wakati huo shetani alikuwa hajaleta fomu za kazi."

Fancy hakucheka, lakini alifungua begi. Ndani mlikuwa na mashine moja nzee ambayo mwenye ukumbi alimwachia alipofungiwa. Akaiunganisha na ile televisheni ya Wamaitha ya kuonyesha habari, na benchi yote ikageukia ukutani. Hapo ndipo ubishi ulianza.

"Weka ya vita," Sitati akasema. "Mtu akizoea vita, maua ni nini?"

"Weka ya kupika," Wamaitha akasema.

"Ndiyo, ujifunze," Odongo akamjibu. "Fancy, weka ya malori. Mimi nina leseni."

Fancy akamwekea, ili amalize kelele. Odongo akashika rimoti, akainama kulia, akainama kushoto, akakanyaga breki kwa mguu wake chini ya benchi ambako hakukuwa na kitu. Lori lilipinduka kabla ya kona ya kwanza.

"Hata Salgaa, kule malori yanakopinduka, hujafika," Sitati akamwambia.

"Kuna mtu amemwaga mafuta kwa hiyo barabara!"

"Zote hizo ni za kukula time," Fancy akasema. "Nimecheza gemu karibu mia mbili, na za maana hazijai mkono mmoja. Hii ndiyo moja. Watu hawaipendi juu haina kelele."

Ilikuwa gemu ya vifurushi. Vinakuja kwa mkanda, kimoja kimoja, na wewe unavisukuma: chekundu mlango huu, cha buluu mlango ule. Nilishika rimoti kama mtu anayeshika kifaranga. Vifurushi vikaja. Kidole gumba changu kikajifunza, taratibu, na baada ya raundi tatu nilikuwa naelewa. Kisha mashine ikaanza kupiga honi na skrini ikawa nyekundu.

"Mathe, unafanya nini? Unavitupa!"

"Natupa vibaya."

"Vibaya gani?"

"Kile kona yake imebonyea. Kile kamba imelegea. Hicho kingine kimepinda shingo, hakiwezi kufika Ulaya."

"Mum, hii ni posta! Hakuna rijekti! Kila kifurushi kina mwenyewe!"

Nilikuwa nimetupa vifurushi kumi na saba vya watu. Odongo alikuwa ameinama, machozi yanamtoka. "Sentimita amerijekti barua za watu! Kuna bibi mahali anangoja dawa!"

Niliweka rimoti chini. Saa ilikuwa saba na nusu. Sitati alikuwa na karatasi ya majina kwa mfuko; wenzangu walikuwa wameshaijaza asubuhi, na yeye ndiye wa kuifikisha getini akianza zamu saa nane. Nikaiomba, nikatafuta mahali pangu, na sikufikiri sana. Niliandika: Fancy.

"Yeye anajua rimoti," nikasema. "Na mimi nina deni lake la kazi moja."

Sitati akachukua karatasi, akaisoma kwa macho, akakunja uso. "Haya ni maajabu. Mama Shiko ameandika Shiko. Naliaka ameandika kijana wake. Muturi, mpwa wake. Nina majina thelathini na moja hapa, na yote ni ya watoto wa gemu. Jumatatu mashine ikiita kabichi waridi, nani ataibishia?"

Fancy alikuwa bado anaangalia televisheni. Alirudisha gemu nyuma, akaisimamisha pale nilipotupa cha kwanza, akasogea mpaka pua karibu iguse kioo.

"Kona imebonyea," akasema pole pole. "Kweli imebonyea. Mathe, nimecheza hii gemu miaka mbili. Nilikuwa sijawahi ona."

"Si iko wazi?"

"Kwako." Akachukua karatasi kwa Sitati na kalamu kwa Wamaitha, akakata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika langu juu yake kwa herufi kubwa.

"Fancy, hapana. Ukikosa hii..."

"Nikienda nitafeli na rimoti mkononi. Hiyo mashine haitaki dereva, inataka mtu wa kuiambia hapana. Kifimbo cha rimoti nitakufundisha leo na kesho. Hayo macho mimi siwezi kuyapata kwa siku mbili." Akampa Sitati karatasi. "Lakini ukipita, mathe, mshahara wa kwanza sitaki. Nataka barua kwa chifu. Kurasa tatu."

"Na mikrofoni," Wamaitha akaongeza.

Nikakubali mbele ya mashahidi. Sitati akaenda getini mbio akishika kofia, na Odongo akaenda kutafuta gambuti.

Mama mwenzangu unayesoma haya, kabla hujaenda kwa chifu na barua, ingia kwanza ndani, uketi, uulize hiyo gemu inaitwaje na mtoto anaona nini humo. Na mtu akiweka kamera juu ya meza yako, muulize ni ya nini kabla hujapaka mdomo. Kama nitapita Jumatatu sijui.

Siku hiyo tulifanya mazoezi mpaka saa kumi na moja, Wamaitha alipochomoa waya kwa ukuta bila kuaga, akisema anataka kufunga aende kukama ng'ombe. Nilimpigia kelele mama wa watu, nikakanyaga chini, kwa sauti ambayo miaka yote nilidhani ni watoto tu walio nayo. Fancy ilibidi anishike mkono tuondoke. Nilikuwa nimebakisha vifurushi vitatu.