Saa Moja na Nusu Kutoka Dar

Jumatatu, 4 Agosti
Noela anakuja na ndege. Jumamosi hii. Miaka mitatu binti yangu hajakanyaga Shinyanga, na Mama Fredy jirani alishatangaza kwenye kikundi chetu cha kina mama kwamba kasahau kwao. Sasa tutaona. Dar hadi Mwanza saa moja na nusu tu, kasema mwenyewe kwenye simu. Kasema na mengine, ila nilikuwa nimeshatoka kwenda kumwambia Mama Fredy.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Fredy naye ana lake. Fredy anatoka Dar Ijumaa usiku, kwa basi. Nikampa pole. Kilomita elfu moja, mtoto atafika miguu imevimba. Akajibu kwamba basi linamshusha mtu kwao. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepiga hesabu. Ndege inaruka saa nne, inatua saa tano na nusu. Mwanza hapo ni pua na mdomo, weka nusu saa. Kwa hiyo kina mama wote saa sita, na vitenge vya kumtandikia Noela akanyage. Nilipofuata mchele dukani, Mzee Harish kaniambia Mwanza hadi hapa ni kilomita mia na sitini na kitu, gari linatumia karibu saa tatu. Nikamwambia mtu wa ndege hapangi foleni na malori. Akapima mchele.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa sita wali tayari, majogoo wawili tayari, vitenge chini kuanzia barabarani. Saa saba Noela kapiga: ndio kwanza anatafuta gari Mwanza. Nikawaambia kina mama anakata kona. Saa saba na nusu nikasikia vigelegele, nikatoka mbio. Fredy! Na begi lake, juu ya kitenge changu kipya. Mama Fredy kauliza kwa upole, mgeni akishafika chakula kinasubiri nini. Kikaliwa. Fredy kapewa hadi firigisi.

Noela kaingia saa kumi na moja, uwanja mtupu. Kasema, "Mayu, kwenye ndege nimepewa karanga tu." Tukala ugali na mlenda jikoni, mama na mwana, hadi tukakwangua chungu. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Tatizo hakuna aliyeona.

Jumapili, 10 Agosti
Noela anarudi wiki ijayo. Ndege inatoka Mwanza saa nane mchana. Safari hii nimefikiri vizuri. Ikienda Dar lazima ipite juu yetu, na kwa mwendo ule ni dakika kumi. Nimemwambia akae dirishani apunge kitenge chekundu, na amwombe rubani apunguze mwendo kidogo tukifikiwa. Kasema, "Mayu, jamani." Nimeshapita nyumba kwa nyumba. Fredy pia nimemwalika, aone wenzake wanavyosafiri. Wote uwanjani kwangu, Jumapili tarehe 17, saa nane na dakika kumi.