Josho la Matumbawe

Jumatatu, 3 Machi

Matumbawe ya hoteli, kwenye tangi la kioo, yanaumwa. Yana madoa meupe, kama ukuta uliobanduka rangi. Nilimweleza Anitha, mhudumu wa chai, kwamba tumbawe si jiwe wala mmea. Ni ukoo wa wanyama wadogo wanaoishi nyumba moja, na weupe ule ni mifupa baada ya nyama kuliwa. Akasema shikamoo Mwalimu, ulishanieleza Ijumaa. Kurudia ndiko kufundisha.

Mama Germana, mwenye hoteli, hana subira. Kasema yasipopona atamwaga maji ya chumvi, atie perege wa bwawa la Mtera, mteja achague wa kukaangwa. Na mimi? Tangu nistaafu kufundisha baiolojia, kiti cha kando ya tangi ni changu. Maofisa wa serikali kutoka Mtumba wakija kula mchana, huwaeleza habari za bahari. Nani atasikiliza maelezo juu ya kitoweo?

Wazo la perege ni la Elieza, bwana mifugo mstaafu. Shemeji yake anavua Mtera. Sishangai.

Jumanne, 4 Machi

Mhalifu amepatikana. Kaa mdogo, anaishi katikati ya matawi ya tumbawe, macho ya hila. Nimemfunga kwenye bakuli la maji ya tangi. Elieza akauliza ushahidi uko wapi. Nikajibu sura inatosha. Akasema kwa kigezo cha sura, hata mimi Mwalimu ningekuwa bakulini. Anitha alicheka mpaka akatua sinia.

Alhamisi, 6 Machi

Madoa yameongezeka na kaa yuko kifungoni. Basi si yeye. Nimegeuza tumbawe, nikatazama chini yake kwa lenzi. Konokono wasio na gamba! Weupe, wadogo kama chenga za mchele, migongo ina manyoya. Hula nyama ya tumbawe, kisha hujificha upande wa chini. Kando yao, vishada vya mayai.

Nimemwachia kaa. Kitabu kinasema kaa wa aina hiyo hulilinda tumbawe anamoishi. Kingesema mapema. Sikumwomba radhi, naye akanibana kidole.

Ijumaa, 7 Machi

Elieza, akipuliza chai yake, kasema dawa ya wadudu wa ngozi ni josho, kuogesha kama ng'ombe, hata mtoto mdogo wa Kigogo anajua. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Bahati mbaya ametangulia kusema. Alitaka kuleta dawa ya kupe. Nikakataa, ingeanza kwa kumuua kaa.

Ndoo ya maji ya tangi, matone ya iodini, tumbawe ndani. Tikisa, suuza kwenye ndoo ya pili, rudisha. Konokono walipukutika. Hata Anitha alisogea kutazama.

Elieza akaharibu. Kasema josho haliui mayai. Ndiyo maana kwao Mpwapwa ng'ombe huogeshwa tena na tena. Nikwangue mayai kwa mswaki, nirudie wiki ijayo. Nikamwambia konokono si kupe na tumbawe si ng'ombe. Kusema kweli, mswaki nilikuwa nao mkononi. Niliurudisha mfukoni. Siwezi kukwangua mayai huku Elieza amesimama nyuma yangu kama mkaguzi wa shule.

Jumatatu, 10 Machi

Madoa hayajaongezeka. Mama Germana, mbele ya wateja, ameniita mshauri wa tangi. Elieza akauliza josho la pili ni lini. Nikajibu mgonjwa aliyepona hapelekwi hospitali. Nilisikia makofi. Alikuwa Anitha. Inawezekana alikuwa anaua nzi.

Jumapili, 16 Machi

Mayai yameanguliwa. Matumbawe meupe pe, na konokono wachanga hawajifichi tena, wananitazama.

Mama Germana hakufoka. Kasema pole Mwalimu, kalete ndoo. Moyo ukatulia: josho la pili! Nikaleta ndoo, na iodini pia. Ndoo ilikuwa ya kuchotea maji ya tangi, yakamwagwe.

Tumbawe moja lililobaki hai, na kaa wake, wamepanda treni kurudi Dar kwa aliyewauza. Kaa hakugeuka nyuma.

Jumatano, 19 Machi

Perege wamefika. Elieza amekalia kiti changu. Nimevuta kingine.

Nimewachunguza kwa lenzi. Mmoja anajikuna ubavu kwenye kioo. Chawa wa samaki: bapa, mviringo, wamenata kwenye magamba. Nimemkataza Mama Germana kumkaanga. Kasema perege huyo ana mpaka Jumapili. Josho la maji ya chumvi, nimeeleza, na chawa ataachia.

Elieza, akicheka mpaka chai ikamwagika, kasema safari hii angalau nirudie, kwa sababu ya mayai. Mayai nimeyaona, yamenata kwenye kioo, mistari mizuri kabisa. Nimesogeza chungu cha maua mbele ya mayai hayo.

Nimemweleza Elieza kwa upole kwamba perege si ng'ombe. Mara moja itatosha.