Ombi la Kusitisha Salamu Mpaka Patron Ajue Kutembea

Kwa Muheshimiwa Shefu wa Avenyu yetu,
Goma

Muheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Henri Baharanyi, karani mstaafu, yule mzee anayeburutwa na mbwa kila asubuhi. Tangu mke wangu Charline afariki, naishi na Patron, mbwa wa aina ya berger allemand ambaye binti yetu Exaucée aliniletea anilinde. Ana mwili wa ndama na haraka ya dereva wa pikipiki.

Mwalimu wa mbwa, Onésime, alinipa mbinu moja: Patron akivuta kamba, nisimame wima, nisisogee mpaka kamba ilegee. Mbinu ni nzuri. Ubaya uko kwa wakazi wako, wanaoamini kwamba mtu hasimami mbele ya geti la mwenzake bila kuwa na neno la kumwambia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama Héritière hukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, asubuhi. Patron huvuta, mimi nasimama, naye hutoka akiita: "Papa Henri, muingie kwanza, chai iko tayari!" Mtu mwenye adabu atajibu nini? Naingia, naulizia mama yake aliyeko Butembo, magoti ya mama yake, na kuku wa mama yake. Patron anapewa vichwa vya sambaza. Kesho yake anavuta zaidi.

2. Waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakinikuta nimesimama mlimani hudhani nawangojea niwasukumie mizigo. Nimeshasukuma makaa, viazi na, samahani, kitanda cha bibi harusi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Papa Mulumeoderhwa na mimi hatukuwa tunasemeshana, kwa sababu ya ukuta wake wa mawe ya volkano uliomega kiwanja changu. Juzi Patron aliona paka wake. Nikasimama. Mzee akatoka, akanikuta wima getini kwake, akafikiri nimekuja kupatana. Akanikumbatia huku analia, akaagiza bia, akaita familia nzima ishuhudie. Muheshimiwa, sikuwa nimesamehe kitu! Nilikuwa nafundisha mbwa. Sasa nimepatanishwa bila ridhaa yangu, na Jumapili nimealikwa kula kwake.

Kwa hiyo naomba utangaze kwenye salongo ya Jumamosi, watu wakiwa wamekusanyika kufagia: salamu zisitishwe asubuhi, anayeniona nimesimama atazame pembeni, na mageti yote yahamishiwe nyuma ya nyumba. Ombi si kubwa. Mbwa ndiye mkubwa.

Unisalimie mama wa kwako, watoto, na wasaidizi wako wote, ila wao wasinisalimie tukikutana njiani.

Ni mimi, mkazi wako mtiifu,
Henri Baharanyi

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na mambo yamebadilika. Leo asubuhi Patron ametembea kwa utulivu kabisa, kamba imelegea mwanzo hadi mwisho. Tumepita kwa Mama Héritière, tumepita kwa Mulumeoderhwa, wametuona tunakwenda zetu na hakuna aliyetuita. Nimerudi mapema, nikakaa, nyumba kimya. Nimeumia, sikufichi. Tafadhali lichane ombi langu.

Jioni nimemtoa tena. Tulipofika kwa Mulumeoderhwa, Patron alitaka kupita kwa adabu zake mpya. Nikaivuta kamba mimi. Naye, kwa vile amefundishwa vizuri, akasimama.